Uhaba wa Wahitaji

Mtaa ule uliishiwa na watu wa kusaidiwa kabla muhula haujafika katikati, na lawama zote zilimwangukia Kocha.

Kocha hakufundisha mpira wala mbio. Alikuwa kijana aliyesimamia klabu ya watoto baada ya shule, kwenye ukumbi wa bati ulio karibu na bomba la maji, na jina lake alilipata kwa sababu ya filimbi iliyoning'inia shingoni mwake mchana kutwa. Kazi yake ilikuwa kuwashikilia watoto tangu kengele ya shule ilie hadi wazazi warudi kutoka kazini, ili vioo vya watu vipumzike. Miaka yote aliifanya kazi hiyo kwa kamba za kuruka, madaftari ya kuchorea na vitisho vya kawaida. Muhula ule akaenda semina. Alirudi amebadilika, kama wanavyobadilika wote wanaokwenda semina.

"Mtaa huu umewalea," aliwaambia watoto. "Sasa ni zamu yenu kuurudishia. Kila kundi litafute mhitaji wake, limsaidie mpaka siku kuu ya klabu. Kundi litakalofanya vibaya kuliko yote litazibua mtaro."

Watoto waliposikia habari za mtaro, mioyo yao ilijaa huruma papo hapo.

Mtaro wenyewe ulipita mbele ya ukumbi, na ulikuwa umeziba tangu zamani hizo. Maji yake hayakwenda kokote, yalikaa yakifikiri. Katikati palikuwa na kiatu kimoja cha mtoto, kimekaa kisigino juu, ambacho watu wazima wa mtaa walikumbuka kukiona wakiwa wadogo. Hakuna aliyekigusa. Kilikuwa kimeshakuwa mwenyeji.

Basi wahitaji wakagombewa kama viti vya mbele kwenye harusi. Mzee mwenye mkongojo alinyakuliwa siku ya kwanza, akavushwa barabara mara nyingi mno hata akawa hakumbuki anakaa upande gani. Mjane wa kona alifuliwa mapazia mpaka yakaanza kuonyesha yaliyomo ndani. Fundi saa alikuwa na mafua tu, naye akauguzwa na watoto kwa nguvu hadi akapona kwa woga.

Kundi la mwisho lilikuwa na watoto watatu, nao ndio waliofika mlangoni kwa Bibi Vifungo jioni moja, nyuso zimewashuka.

Bibi Vifungo alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alishona vizazi na vizazi kwa cherehani yake ya kukanyaga, na hapakuwa na mtu mtaani ambaye hakuwahi kukaa juu ya mshono wake. Watu walimheshimu kwa hilo, kwani anayejua kipimo cha nyuma yako anajua mengi. Aliishi peke yake, kwa hiari yake, katika nyumba ambayo kila kitu kilikuwa mahali pake na kilijua hivyo.

"Hodi!"

"Karibuni. Mmevunja nini?"

"Hatujavunja kitu, bibi!" Aliyesema alikuwa msichana aliyeitwa Spika, kwa kuwa alizaliwa bila kitufe cha kupunguza sauti. Njiwa wa jirani waliruka. "Tumekuja kukusaidia!"

"Kunisaidia nini?"

Watoto wakatazamana. Swali hilo Kocha hakuwaandaa nalo.

"Una shida gani?" aliuliza wa pili, mvulana mdogo aliyetembea mikono nyuma na kukohoa kabla ya kusema, kwa hiyo kila mtu alimwita Mzee.

"Sina."

"Hata ndogo?"

"Hata ya kusingiziwa."

"Magoti?" Huyu wa tatu alikuwa Pacha. Pacha mwenzake alikuwa kwenye kundi la mjane, na tangu hapo hawakusalimiana.

"Yananibeba."

"Macho je?"

"Nakuona una kamasi."

Pacha akajifuta kwa mkono wa shati. Bibi Vifungo aliusindikiza mkono huo kwa macho, akaona pindo limefumuka, akanyamaza kwa shida.

"Haya, bibi. Samahani kwa usumbufu," Spika alisema, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuna jirani aliyemsikia. "Twendeni tu. Tukaanze kuuzoea mtaro."

Walianza kuondoka. Walitembea kama watu waliokwisha kuandika wosia. Pacha alilia kimyakimya, kwa ufundi, bila kutingisha bega. Na Bibi Vifungo, ambaye wakaguzi wa shule, wauza vitambaa wakorofi na marehemu mumewe hawakuwahi kumyumbisha, aliyumba.

"Ngojeni," alisema. "Ipo moja. Uzi. Siku hizi uzi hauingii kwenye tundu la sindano. Naona ukungu tu."

Ulikuwa uongo wa wazi. Asubuhi ile ile alikuwa ametia uzi kwenye sindano huku anatembea, akimsema muuza maziwa.

"Alhamdulillahi, haoni!" Spika alipaza sauti, na mtaa wote ukapata habari.

Ndivyo Bibi Vifungo alivyoanza kusaidiwa, na hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Uzi peke yake haukutosha kuwashughulisha watoto watatu jioni nzima. Ilibidi azidi kuharibikiwa. Alfajiri alifagia ua, kwa sababu hakuweza kukaa na ua mchafu. Kisha alichukua gunia la majani aliyoomba kwa jirani, akayamwaga uani, akayapanga hapa na pale ili yaonekane yameanguka yenyewe. Aliyamwagilia maua ya jirani pipa zima la maji, watoto wapate la kujaza. Alikata vifungo vya magauni yake mazuri kwa mkasi. Alipovikata moyo ulimuuma kama anakata vidole, lakini mtoto hawezi kushona kifungo ambacho hakijatoka.

Watoto walipokwenda zao ndipo kazi ilipoanza. Alichuja majani ambayo watoto waliyafagilia ndani ya pipa. Alifumua vifungo vyote akavirudia. Kimoja Mzee alikuwa amekishonea kwenye gauni na kitambaa cha meza kwa pamoja, kwa mshono imara ajabu, kiasi kwamba Bibi Vifungo aliposimama sahani nazo zilisimama.

"Bibi, unajisikiaje tukikusaidia?" Pacha aliwahi kumuuliza.

"Nachoka."

"Pole. Umri."

Hakuwa mpweke, isije ikadhaniwa hivyo. Alikuwa na cherehani, redio na ugomvi mdogo na muuza maziwa, na mtu mwenye vitu hivyo hahitaji wageni. Alivumilia tu. Ikitokea wakachelewa, alisimama mlangoni akivumilia hilo pia.

Mambo yangekwisha salama kama si Kocha. Alikuja jioni moja na simu yake kupiga picha za klabu. Alimkalisha Bibi Vifungo kwenye kiti, akamfunika blanketi miguuni ingawa joto lilikuwa kali, akamweka Mzee amshike mkono na Spika ainue sindano juu kama kikombe cha ushindi.

"Bibi, usitabasamu hivyo. Kaa kama mtu anayesaidiwa."

"Anakaaje?"

"Legea kidogo. Kinywa kiache wazi. Ee, hapo hapo, vizuri sana."

Picha ikaruka kutoka simu hadi simu, na kabla ya watu kulala ilikuwa imefika mji mwingine, kwa binti wa Bibi Vifungo.

Binti huyu alikuwa mkuu wa wauguzi katika wodi ya wazee. Kutwa aliona watu walioanguka bafuni, kwenye ngazi, na hata waliokuwa wameketi. Alimpenda mama yake kwa namna ya watu wa kazi hiyo, yaani kwa hofu. Alipiga simu palepale.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Kukuambia nini?"

"Kwamba huoni! Kwamba unachotewa maji na watoto wa watu! Kinywa kimekaa wazi, mama. Nimekuona. Nakuja Jumamosi na gari la mizigo. Chumba chako kiko tayari."

Bibi Vifungo alikijua chumba hicho. Kilikuwa ghorofa ya nne, kina televisheni na dirisha linalotazamana na dirisha jingine.

"Na cherehani?"

"Jirani wa chini hapendi kelele. Lakini utashona nini tena? Mama, utapumzika."

Neno hilo lilimwingia Bibi Vifungo kama maji ya baridi mgongoni. Mtu wa kushona hapumziki. Hukaa tu pembeni ya cherehani, akisubiri kitambaa. Ukimwondolea cherehani, anasubiri nini? Aliamua kusema kweli.

"Mwanangu, mimi mzima. Naigiza."



"Unaigiza kwamba huoni?"

"Ee."

"Na maji je?"

"Namwagia maua ya jirani, ili wapate pa kujaza."

"Na vifungo? Kocha wenu ameandika chini ya picha kwamba vifungo vinakudondoka."

"Navikata mwenyewe kwa mkasi. Sasa watashona nini, mwanangu? Na majani je, unadhani yanakuja yenyewe?"

Upande wa pili kalenda ilisikika ikifunuliwa.

"Nakuja Ijumaa," alisema binti.

Akaja kweli, na gari la wazi nyuma, na dereva aliyependa kusema kwamba analipwa kwa siku nzima na hana haraka. Binti hakukaa. Alimpima mama yake macho kwa vidole, akampima presha, akamtembeza sebuleni kwa mstari ulionyooka. Bibi Vifungo, kwa hasira, alitia uzi kwenye sindano nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, mikono ikiwa nyuma ya mgongo.

Binti akaitazama ile sindano kwa huzuni.

"Macho hayana kasoro," alisema taratibu. "Basi ni kichwa."

"Kichwa kimefanya nini?"

"Mama, wodini kwangu ninao wanaovunja vyombo ili mtu aje kuwaona. Si aibu. Ni hatua."

Hapo Bibi Vifungo akaona amekwama kotekote. Akiwa haoni, ahame. Akiwa anaona, ahame haraka zaidi. Mashahidi waliokuwepo ni watoto wale watatu, na kama wangekiri mbele ya Kocha kwamba hawakumsaidia mtu yeyote, mtaro ulikuwa wao. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini yeye aliona janga hili amelichuma uani kwake peke yake, basi alile peke yake. Usiku ule alipanga nguo zake kwenye sanduku. Vifungo vyote alivikaza upya.

Jumamosi ilikuwa siku ya klabu. Binti alikubali mama aage watu, mradi gari likae tayari nje. Wahitaji walikalishwa kwenye benchi la mbele kama washtakiwa. Mzee wa mkongojo alikuwepo, na mjane, na fundi saa aliyekuja mwenyewe akihofia kufuatwa. Bibi Vifungo aliketi mwishoni, binti yake ubavuni akimshikia kiwiko. Madirisha yalikuwa wazi, hivyo mtaro nao ulihudhuria.

Makundi yalitoa ushuhuda, na mjane aliinuliwa azunguke ili watu waone alivyosaidiwa. Zamu ya kundi la mwisho ilipofika, Spika alipanda jukwaani na hotuba aliyoikariri, Mzee na Pacha wakasimama nyuma yake kama walinzi. Alifungua kinywa. Pacha akamvuta sketi.

"Nje kuna cherehani ya bibi," alinong'ona. "Imefungwa kamba kwenye gari."

Spika hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Bibi, unahama?"

Ukumbi wote ukageuka.

"Nahamishwa," alisema Bibi Vifungo.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hajiwezi, mwanangu," binti alijibu badala yake, kwa sauti ya upole inayotumika wodini. "Nyinyi ndio mmeshuhudia. Asanteni sana kwa kumtunza. Sasa nitamtunza mimi."

Spika alimtazama Kocha. Akatazama dirishani, ulipo mtaro. Akatazama kile kiatu. Bibi Vifungo alimtikisia kichwa, polepole: usithubutu.

"Anti," alisema Spika, "bibi anajiweza kuliko watu wote wa mtaa huu. Ndiyo maana hatukumwacha. Wengine wana shida za kweli, wanachosha."

Mjane wa kona akasema, "Haya."

"Sisi tulijua tangu siku ya pili!" Spika aliendelea, na sasa hata dereva nje alikuwa anasikiliza. "Mzee, sema ulichoona."

Mzee akakohoa. Akaweka mikono nyuma.

"Nilisahau kofia kwa bibi. Nikaifuata asubuhi kabla ya shule, nikachungulia. Bibi alikuwa anamwaga majani uani kutoka kwenye gunia. Jani moja lilikaa vibaya, akaliinua, akalirudia."

Watu walianza kucheka, lakini Kocha hakucheka. 

"Mlijua? Na mkaendelea kwenda?"

"Ndiyo, Kocha."

"Bila kusema?"

"Tungesemaje?" Pacha alijibu, ameudhika kidogo. "Tulimwonea huruma. Alikuwa anajitahidi sana. Siku nyingine alichoka mpaka tunaona tumwambie akalale. Lakini tukamwambia tunajua, si angeona aibu? Mtu mzima vile?"

Bibi Vifungo alitazama viatu vyake. Alikuwa amedhani ni yeye aliyewabeba watoto wale muda wote. Kumbe na wao walikuwa wamembeba, na kila upande ulilalamika uzito.

Mkono wa binti ulikuwa umeachia kiwiko chake.

"Kwa hiyo si kichwa," alisema binti.

"Nilikuambia."

"Ulisema unakata vifungo, mama! Ningeelewa nini? Kwa nini lakini? Ungewaambia tu huna shida, wakaenda zao."

"Wangekwenda mle." Bibi Vifungo alimwonyesha dirisha kwa kidevu. "Nenda katazame. Wewe ndiye muuguzi. Ungempeleka mtoto mle?"

Binti alikwenda akatazama, kwa jicho la kazi kwanza. Kisha akainama zaidi.

"Kile kiatu," alisema, "ni changu."

"Kipi?"

"Kile. Nilikitupia nikijaribu kama kitaelea."



"Uliniambia umeibiwa. Nilikwenda kugombana na mama wa watu, na mpaka leo tunapishana kama magari."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi unanipima kichwa."

Kocha akapuliza filimbi, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Alikuwa mtu wa haki, na semina ilimfundisha kutoyumba mbele ya hadhara. Kundi la mwisho, alitangaza, halikumsaidia mhitaji yeyote, wala halikuwa na mhitaji. Kundi la mwisho litazibua mtaro. Leo.

Watoto watatu walitoka bila kubishana, wakapewa makoleo yaliyowazidi urefu. Pacha akaziba pua. Mzee akautazama mtaro mikono nyuma, kama mtu anayefikiria kuununua. Kabla koleo la kwanza halijagusa tope, Bibi Vifungo alikuwa amevua viatu, amekunja gauni, na ameshaingia.

"Bibi, toka!" Kocha alipiga kelele. "Wewe ni wa kusaidiwa!"

"Umeniachisha sasa hivi. Lete koleo."

"Mama, utaanguka!" Binti alikuwa amefika ukingoni.

"Nikianguka nitaangukia palaini."

Binti alisimama pale, viatu vyake vyeupe vya kazi vikimeta. Akafungua mkoba, akatoa glavu, kwa maana muuguzi hatembei bila glavu. Akavaa taratibu, akimtazama mama yake akiinua tope koleo baada ya koleo bila kuhema, huku akimsema Spika kwamba hainui kwa magoti. Kisha akaingia na yeye. Kitu cha kwanza alichokitoa kilikuwa kiatu.

Likabaki swali la tope liende wapi. Dereva aliona macho yote yanamgeukia, akaanza kurudi nyuma.

"Mimi niliambiwa mzigo ni wa mama mzee anayehama."

"Mama mzee ndiye huyu anaupakia," alisema binti. "Si ulisema unalipwa siku nzima? Teremsha cherehani."

Cherehani ikateremshwa, ikapelekwa nyumbani na kundi la mjane, ambalo lilifurahi kupata kitu ambacho hakilalamiki. Tope likapanda garini. Watu waliokuja kutazama waliona aibu ya kusimama tu, wakaenda kutafuta majembe. Pacha na pacha mwenzake walijikuta wameshika ndoo moja, wakasalimiana. Mzee wa mkongojo alisimama kando ya barabara.

"Babu, tukuvushe?" aliuliza Spika.

"Hapana, mwanangu. Nadhani hapa ndipo nyumbani."

Jioni maji ya mtaro yalitikisika, yakasita, kisha yakaondoka kwenda zao bila kuaga.

Binti alikaa sebuleni kwa mama yake, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, nguo yake imechanika pindo. Bibi Vifungo alipiga magoti mbele yake na sindano. Alitia uzi mara moja tu, bila kutazama, kwa makusudi.

"Nimeona, mama. Usijionyeshe."

"Sijionyeshi. Kaa wima, pindo litapinda."

"Gari linarudi kesho tupu, basi." Binti alikaa wima. "Lakini nitakuja kila mwezi kukuangalia. Hilo hatubishani."

"Njoo," alisema Bibi Vifungo, akikata uzi kwa meno. "Ila unipigie simu mapema, nipate muda wa kumwaga maji ya pipa."